Mtu Usiyemdhania

Meneja aliingia chumba cha vitabu siku ya Jumatano, ilhali siku yake ni Alhamisi, tena hakuja na kitabu mkononi. Mzee Kurasa alikuwa akigandisha jalada la riwaya iliyochoka kwa kuazimwa. Aliyaona mambo yote mawili kwa mpigo, akaiweka brashi ya gundi chini, kwani tangu Jumatatu asubuhi nyumbani kwake hakuna aliyepata usingizi wa maana.

"Kaa tu, Mzee," Meneja alisema, akajivutia kiti. "Nimempata."

"Umempata nani, bosi?"

"Mwizi wa hadubini." Meneja alitabasamu mpaka magego yakaonekana. "Na nimempata kwa elimu yako mwenyewe."

Kiwanda kile kilitengeneza sabuni, na kilikuwa na zahanati ya wafanyakazi. Ndani ya zahanati mlikuwa na hadubini moja ya kupimia damu, ikitunzwa kwenye kabati la chuma. Jumamosi mchana kabati lilifungwa. Jumatatu asubuhi lilikutwa limefungwa vilevile, hadubini haimo. Aliyelifunga na kulifungua ni mpimaji wa maabara, mama wa mtoto wa miezi minne, na huyo mpimaji ni binti wa Mzee Kurasa. Ndiyo maana Mzee hakuuliza swali la pili.

"Wafanyakazi mia nne," Meneja alisema, akihesabu kwa vidole ingawa mia nne haihesabiki kwa vidole. "Nimewahoji wengi. Huyu anamtaja mlinzi, yule anamtaja fundi umeme, mwingine mfagizi. Hakuna hata mmoja, Mzee, hata mmoja, aliyemtaja binti yako. Wote wanasema ni mtu safi. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku."

Tuseme ukweli: mtego huo aliutega Mzee Kurasa kwa mikono yake. Alikuwa mtunza vitabu wa klabu ya wafanyakazi kwa miaka ishirini na sita, na katika vitabu vyote hakupenda kitu kama riwaya za upelelezi, zile za kizamani, zenye maiti moja, nyumba moja, na washukiwa saba wanaokunywa chai kama vile hakuna aliyekufa. Alijua kumchagulia kila mtu chake. Mwendesha boila alipewa zenye mauaji ndani ya mabehewa ya mizigo. Mjane wa uhasibu alipewa zile ambazo damu haionekani na muuaji ana adabu zake. Kisha palikuwa na kopo la biskuti mezani. Msomaji akifika sura ya mwisho alisimama, akaandika kwenye karatasi jina la anayemshuku, akalitumbukiza koponi, ndipo akaruhusiwa kuendelea. Aliyepatia aliazima vitabu viwili badala ya kimoja.

Meneja hakuwahi kupatia. Miaka minne, vikaratasi zaidi ya mia, hola. Kila mara alimkamata mlinzi, au mtunza bustani, na wafanyakazi walimcheka chinichini kwenye foleni ya chai. Mwezi uliopita Mzee alimwonea huruma. "Bosi, acha kuwakamata maskini," alimwambia kwa utani. "Mtafute mtu usiyemdhania. Mtu mwema, anayependwa na wote, mwenye ufunguo mfukoni." Meneja aliyaandika maneno hayo kwenye kijitabu chake, na Mzee akaona fahari, Mungu amsamehe.

"Lakini bosi," sasa alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, "zile ni hadithi."

"Na hadithi zinatoka wapi? Si kwa watu?" Meneja aliinuka. "Nakuheshimu, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Ijumaa saa sita nakabidhi shauri hili polisi. Akiirudisha kabla ya hapo, ataachishwa kazi tu na yataisha. Asipoirudisha, atajua mwenyewe." Alifika mlangoni akageuka. "Kesho sitakuja kuchukua kitabu. Unaelewa."

Mzee alielewa. Alibaki na jalada mkononi mpaka gundi ikakauka.


Nyumba yao ilikuwa ya kampuni, vyumba viwili na jiko, kuta zimepakwa rangi ileile ya kijani iliyokuwa kiwandani. Mzee alipoingia alimkuta mkewe ameketi sakafuni, mjukuu mapajani, chupa ya maziwa mkononi. Binti alikuwa amejifungia chumbani ili mtoto asisikie harufu yake. Walikuwa kwenye kazi hiyo tangu mchana, binti aliposimamishwa kazi na kusikia kwamba Ijumaa ni polisi. Mtoto aliilamba ile chuchu ya mpira, akakunja uso, akaitema, kisha akalia kilio cha mtu aliyetapeliwa.

"Hataki," mkewe alisema. "Nimejaribu kwa kijiko, nimejaribu kwa kikombe. Kijiko anameza mara mbili, mara ya tatu anapaliwa."

"Atazoea."

"Kwa siku mbili, mzee wangu?"

Mlango wa chumbani ukafunguka. Binti alisimama pale, blauzi imelowa maziwa kifuani pande zote mbili, akamnyooshea mama yake mikono bila kusema kitu. Alipopewa mtoto alikaa juu ya kitanda, akamnyonyesha, na nyumba nzima ikatulia. Hapo ndipo alipouliza, "Amesemaje, Baba?"

Baba yake alimweleza. Hakumficha hata neno, maana huyu binti hakuwa wa kufichwa.

"Niirudishe?" Binti alicheka kicheko kikavu. "Nitaitoa wapi? Hata nikitaka kununua nyingine, ni mshahara wangu wa miaka mitatu nisile wala nisivae. Na baba wa mtoto simu yake haipatikani tangu alipoenda kutafuta kazi." Alimfuta mtoto jasho la paji. "Mnamkumbuka yule dada wa stoo? Walimshuku mwaka juzi. Alikaa rumande miezi saba, mwisho kesi ikafutwa, akaambiwa samahani. Aliingia na mtoto wake mchanga. Alitoka peke yake."

Mkewe Mzee aliiweka chupa sakafuni taratibu, kana kwamba nayo inaweza kuamka.

"Mimi mtoto simpeleki kule," binti alisema. "Atabaki na Mama. Atakunywa hiyo chupa, apende asipende." Lakini alisema hivyo huku akimkumbatia kwa nguvu hata mtoto akaacha kunyonya na kumtazama. "Baba, wewe umesoma vitabu zaidi ya elfu. Wewe ndiye unayezijua habari hizi. Nani ameiba?"

"Sijui, mwanangu."

Ulikuwa ukweli mtupu, na aliona aibu kuusema kuliko uongo wowote.


Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa ofisini kwa katibu wa Meneja, amevaa koti lake la sherehe. Katibu alimwonyesha kiti kwa kidevu, kisha akautoa mkoba wake mezani na kuufungia kwenye droo. Watu waliingia na kutoka. Wale aliowachagulia vitabu miaka nenda miaka rudi walikumbuka ghafla kuangalia saa. Mwendesha boila peke yake ndiye aliyemwambia "pole, Mzee," tena kwa kunong'ona, akatoka mbio.

Juu ya kichwa cha Mzee palikuwa na msumari ukutani, na kwenye msumari ulining'inia mtungo wa funguo za akiba. Za zahanati zilikuwamo, zimeandikwa kwa rangi nyeupe, wa mlango na wa kabati. Alihesabu watu kumi na watano waliopita chini ya msumari ule kabla ya saa nne. Katibu alitoka mara mbili kwenda kuchukua chai. Mara ya pili Mzee aliinuka, akachomoa ufunguo wa kabati, akautia mfukoni, akakaa. Hakuna aliyejua. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, akadhani amemwokoa mwanawe.

Aliitwa ndani saa sita kasoro robo. Aliuweka ufunguo juu ya meza ya Meneja.

"Nimeuchukua hapo nje, bosi, kwenye msumari. Katibu wako hajui mpaka sasa. Kama mimi nimeweza, yeyote angeweza. Mwizi ni mtu yeyote aliyepita hapo."

Meneja aliutazama ufunguo, na uso wake ukaingia wingu. Msumari ule ulikuwa wake. Ofisi ile ilikuwa yake.

"Mtu yeyote," alisema polepole. "Mzee, ukinipa kitabu cha kurasa mia tatu, mwisho unaniambia aliyeua ni mtu yeyote, mpita njia, nitakifanyaje?"

"Bosi, mtoto ana miezi minne."

"Kitabu hicho nitakurudishia siku hiyohiyo. Hilo si suluhisho. Ni uvivu." Aliusukuma ufunguo upande wa Mzee kwa ncha ya kalamu. "Tena naomba habari za msumari wangu zisitoke humu ndani. Ukiendelea kunionyesha jinsi unavyojua kuiba funguo, nitaanza kukushuku wewe."

Akacheka. Mzee naye akacheka, kwa heshima, kama alivyozoea. Kisha kicheko kikamkatika katikati. Aliaga, akaurudisha ufunguo kwenye msumari mbele ya katibu aliyetoa macho, akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta.


Mkewe alimfuata chumba cha vitabu alasiri, akamkuta anaandika. Karatasi mbili zilikuwa zimejaa mwandiko wake mdogo ulionyooka, mistari mingine imefutwa na kurekebishwa. Alizichukua akazisoma wima, akakaa akazisoma tena.

"Jumapili ulikwenda kiwandani kuchukua vitabu vya kushona tu," alisema.

"Wewe tu ndiye unayejua hilo."

"Mfuko uliorudi nao ulikuwa na vitabu! Nimevishona mimi kwa mkono wangu, sindano imenichoma hapa." Alimwonyesha kidole. "Mume wangu, umebakiza miezi mitatu ustaafu. Miaka ishirini na sita. Watakunyima kiinua mgongo, watakufunga, watu watakutemea mate. Na hiyo presha yako, kule nani atakupa dawa?"

"Nyumba wataiandika jina lake. Yeye ni mfanyakazi. Mtapata pa kulala."

"Sikukuuliza habari za nyumba!"

Alilia bila kujificha, na Mzee hakumzuia. Alikuwa mwoga wa vitu vidogo, mbwa na radi, na kule alikokuwa anakwenda alikuogopa zaidi. Baada ya muda mkewe alijifuta uso kwa mtandio, akazivuta karatasi karibu, akatia kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa watakushika," alisema kwa sauti iliyokauka. "Umesema umeiuza kwa dalali wa sokoni. Watakwenda kumuuliza. Sema umemuuzia msafiri, kituo cha mabasi, humjui jina."

"Ni kweli." Akafuta, akaandika.

"Na pesa?"

"Nimezicheza kamari."

"Wewe? Hata karata hujui kushika." Karibu acheke. "Haya. Andika kamari. Watu hupenda kuamini hivyo." Kisha akamshika mkono ulioshika kalamu. "Binti yako atajua kwamba ni uongo."

"Asijue. Akijua atakataa, unamjua alivyo. Ataingia mle ndani aseme Baba anadanganya, na kesho hiyohiyo watamchukua. Naomba uniapie. Si leo, si kesho, mpaka kesi iishe na yeye awe salama."

Mkewe aliapa. Aliapa kwa mtoto yule, kwani hakuona kingine cha kuapia.


Ijumaa saa sita kamili binti alikuwa amesimama mbele ya meza ya Meneja bila kuambiwa akae. Baba yake alikuwa karibu naye. Nje, kwenye korido, bibi alikuwa amembeba mtoto aliyeanza kuhangaika.

"Muda umekwisha," Meneja alisema, mkono juu ya simu.

"Bosi, kabla hujapiga, kuna kipande hukukiona," alisema Mzee Kurasa. Sauti ilikuwa ileile aliyoitumia kusifia kitabu kizuri, ya chini kidogo, inayomvuta mtu asogee. "Mtu usiyemdhania ulimtafuta vizuri. Lakini nilikufundisha nusu. Lazima pia awe alikuwapo. Jumapili, nani alikuwa ndani ya uzio?"

Mkono wa Meneja uliondoka kwenye simu. Alifungua daftari la lango, akapitisha kidole. Mwanzo alisoma kwa haraka, kisha polepole.

"Jina ni moja tu. Lako. 'Kuchukua vitabu vya kushona.'"

"Alitoka na nini, huyo mtu?" Mzee aliuliza.

Mlinzi wa lango aliitwa. Alisimama wima akasema kweli tupu: Mzee alitoka na mfuko wa turubai, mzito, yeye mwenyewe alimsaidia kuuinua begani. La, hakuufungua. Afungue mfuko wa Mzee Kurasa kwa nini? Mzee ni mtu safi.

"Baba, unafanya nini?" binti alisema.

"Na ufunguo?" aliuliza Meneja. Alikuwa amesimama. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Mzee hakumtazama Meneja. Alimgeukia binti yake, maana kipande hiki ilibidi kimwingie yeye. "Jumapili mchana nilikwambia lala, mwanangu, umechoka, nipe mtoto nikushikie. Ukalala saa mbili nzima. Mkoba wako ulikuwa juu ya kiti."

Yote yalikuwa kweli. Alimshika mtoto, akamwimbia, akamkabidhi kwa bibi yake, akaenda kuchukua vitabu. Binti alifumbua mdomo amkatalie, na hapo akakumbuka kiti, na mkoba, na jinsi alivyolala usingizi mtamu kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, na mdomo ukabaki wazi.

"Ni wewe," alisema Meneja. Aliyatamka taratibu, kama anayaonja. Kisha akapiga meza kwa kiganja. "Ni wewe, Mzee! Mtunza vitabu! Unakaribia kustaafu, unaogopa umaskini, unatumia ufunguo wa mwanao... Nilikuwa nyumba hiyohiyo! Nilikosea chumba tu!"

"Umepatia, bosi," alisema Mzee Kurasa.

Meneja alikuwa na furaha isiyo na mfano. Aliuliza maswali yote, na kila swali lilikuwa na jibu lake: msafiri, kituo cha mabasi, kamari. Aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, na hakutaka hata katibu amsaidie. Habari ya msumari haikutajwa. Mwishoni alimwandikia binti barua ya onyo kwa uzembe wa kutunza ufunguo, akamwambia Jumatatu arudi kazini. Alipopiga simu polisi, akazuia mdomo wa simu kwa kiganja na kumwuliza Mzee, kwa masikitiko ya kweli, "Sasa nani atanichagulia vitabu?"


Waliwekwa kwenye korido kusubiri gari. Mlinzi alisimama mbali kidogo, akitazama viatu vyake. Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi, na mtoto alikuwa ameshaanza kulia kwa njaa, ngumi zikipiga hewa.

Binti alisimama mbele ya baba yake. Hakuwa akilia. "Nitazame," alisema. "Sema si wewe."

Mzee aliyahamishia macho kwa mlinzi.

"Kuna kitu hakikai sawa. Wewe hujawahi kucheza hata bahati nasibu. Hata kitabu cha klabu ukikikunja ukurasa unaomba radhi." Alimshika koti, lile la sherehe, kwa mikono miwili. "Sema neno moja tu. Sema, 'Mwanangu, si mimi.' Nitakuamini. Dunia nzima ikisema vingine, mimi nitakuamini, na sasa hivi narudi mle ndani nimwambie. Wanichukue mimi. Baba. Neno moja."

Alijua angerudi kweli. Alikuwa ameshageuza mguu mmoja kuelekea mlangoni. Mzee alilitazama lile neno likiwa pale mdomoni, jepesi, halina gharama ya kulisema, na hajapata kutamani kitu maishani kama alivyotamani kulisema. Kwenye benchi mkewe alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua.

"Ni mimi," alisema. "Nilijua watakushuku wewe. Nilifikiri wewe bado kijana, utavumilia."

Hilo la mwisho halikuwamo kwenye karatasi. Alilitunga palepale, kwa sababu alimwona bado anasita.

Mikono ikaachia koti. Binti alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, akimtazama baba yake kama mtu anayetafuta mahali alipowahi kumwona. "Ulikuwa ukimwimbia," alisema. "Ulikuwa ukimwimbia mwanangu huku mkono uko mkobani mwangu." Kisha akamgeukia bibi wa mtoto. "Mama, na wewe ulijua?"

Mama yake alitikisa kichwa kukana. Hakuinua uso.

Mtoto alikuwa amefikia kile kilio kisicho na sauti. Mzee alinyoosha mkono, alitaka tu kumgusa mguu, kidole kimoja cha mguu, lakini binti alimwahi, akamchukua, akamfunika kwa kanga mpaka kichwani. Alikwenda kukaa mwisho wa benchi, mbali, akawapa mgongo wote wawili, akafungua blauzi.

Kilio kikakatika. Mzee Kurasa akasimama pale kando ya mlinzi, akimsikiliza mjukuu wake akinyonya, mpaka gari lilipofika.